Bosi Lin Aingia Rika

Bosi Lin aliingia kijijini Cilomay saa mbili asubuhi na pikapu yake mpya, kreti kumi na nne za bia zikigongana nyuma, na honi aliipiga kuanzia kanisani hadi dukani bila kuipumzisha. Alikuwa ameendesha saa sita kutoka Taipei akiimba peke yake mpaka sauti ikamkauka. Miaka arobaini na mitatu, jamani! Leo wanaume wa kijiji wanapanda rika, na yeye, mtoto wa hapa aliyebebwa mgongoni kwenda mjini kabla hajaota meno, alikuwa anakuja kuchukua nafasi yake.

Sikukuu ya mavuno huja kila mwaka, lakini kupanda rika ni mara moja kila miaka mitano. Siku hiyo mzee mwenye sauti husimama katikati ya uwanja akaita kila mwanaume kwa jina lake na kwa nyumba ya mama yake, maana huku nyumba ni za wanawake. Mwanaume anaitika, "Nipo!" Mama yake, kutoka upande wa wanawake, anajibu, "Ni wangu!" Basi, mtu huyo amehesabika. Ukiitwa mara tatu usiitike, umepitwa, subiri miaka mingine mitano.

Na mama yake Lin, Bi Dongi, alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja. Piga hesabu mwenyewe.

Bi Dongi alikuwa mlangoni na mkono umejaa wali wa kunata. Alimlisha mwanawe hapo hapo, kabla hata hajashuka vizuri garini.

"Ahiong wangu! Umenenepa. Kula."

"Mama, watu wanaona."

"Waone. Kwani nimeiba?"

Ahiong lilikuwa jina la mtaani kule mjini. Lin lilikuwa jina la kwenye vyeti. Chini ya hayo mawili lilikuwapo la tatu, Namoh, jina la babu yake, ambalo Bi Dongi mwenyewe alilifungia mahali kama sahani nzuri ya kabatini isiyotolewa hata kwa wageni. Si kwa kupenda. Mwaka ule walipofika mjini, yeye na mumewe wakibeba mbao za kumwagia zege, watoto wa jirani walimrushia mtoto wao maganda ya karanga wakimwita mtu wa milimani, tusi la mjini kwa watu wa huku. Bi Dongi aliwaona kwa dirisha. Kesho yake alianza kumwita mtoto Ahiong kama watoto wa wenzake wanavyoitwa, na tangu siku hiyo hakurudi nyuma. Mtoto akakua, akawa fundi wa hizo hizo mbao, akawa msimamizi, akawa Bosi Lin mwenye mafundi thelathini na tumbo.

"Miaka kumi na sita tangu nirudi hapa," Bi Dongi alimwambia, akimfuta wali kidevuni, "kila siku ya kuita watu mimi nakaa na wanawake wenzangu. Huyu anasema ni wangu, yule anasema ni wangu. Mimi natafuna popoo. Nimechoka kutafuna popoo, mwanangu."

"Leo hutatafuna, Mama. Kolas ameshapanga kila kitu."

Kolas alikuwa binamu yake, wa umri wake kabisa, naye ndiye aliyemwahidi kwenye simu kwamba atakaa na wenzake wa Rika la Simu. Hivyo ndivyo marika yanavyopewa majina hapa, kwa jambo la mwaka ule. Wao waliingia mwaka kijiji kilipopata simu ya mkononi ya kwanza. Rika la Simu sasa ni watu wazima, wanakaa kivulini, wanavaa kofia za manyoya marefu ya ndege, wanaletewa kinywaji.

Kolas alitokea anakuna kisogo. Hapo tu Lin angejua.

"Ndugu yangu, kuna kajambo kadogo."

"Sema."

"Wazee wamekaa jana. Wamesema hujawahi kumchotea mtu maji. Hujawahi kukimbia. Hujawahi kuchapwa. Kwa hiyo huwezi kukaa na sisi. Unaanza mwanzo."

"Mwanzo wapi?"

"Na watoto."

"Watoto gani?"

"Wako watano. Mkubwa wao ana miaka kumi na minane."

Lo! Bosi Lin aliwaka. Alisema mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa, mengine ya wazee, mengine ya Kolas, moja la kuku aliyekuwa anapita. Mtu anayesimamisha ghorofa ishirini na sita! Mtu ambaye wahandisi wanamsubiri anywe chai kwanza! Akachotee watu maji na watoto wa shule? Thubutu. Akageuka akazikamata funguo za gari.

Bi Dongi hakumzuia. Aliketi kwenye kizingiti, akatoa popoo mfukoni, akaitazama, akaitia mdomoni. Lin alimwona akitafuna. Alisimama na funguo mkononi, kuku akarudi kupita, halafu akasema:

"Hizo nguo zao ziko wapi?"

Weee! Ungemwona uwanjani! Sketi nyekundu ya kufunga kiunoni iliyotengenezwa kwa kiuno cha mtoto wa miaka kumi na saba, tumbo limeizidi mbele na nyuma, kichwa wazi maana wa rika la chini hawavai manyoya, miguu myeupe ya mtu anayeishi ndani ya buti. Wale vijana watano walimtazama, wakatazamana, wakajikaza wasicheke. Mmoja, Foting, mnene kama yeye, alishindwa. Kicheko kilimtoka puani.

"Unacheka nini?"

"Hakuna, Bosi."

"Hakuna mabosi hapa!" sauti ilipigwa kutoka nyuma. "Hakuna na majina! Mpaka muitwe jioni, nyie wote ni vitoto tu. Simameni mstari!"

Lin aliijua sauti hiyo. Aliisikia kila siku, ila kwa kawaida ilikuwa inasema ndiyo Bosi, sawa Bosi, naleta Bosi. Aligeuka. Alikuwa Lekal, kijana wake wa kazi, miaka ishirini na minne, yule aliyeandika jina lake la kijijini kwa wino mweusi kwenye kofia yake ya kazi, na Lin akamcheka mbele ya watu, akamuuliza kama anagombea udiwani. Sasa Lekal alikuwa na manyoya kichwani na kifimbo mkononi. Rika lake ndilo lililo juu ya watoto. Kazi yake leo ni kuwanyoosha.

Walitazamana. Lekal alirekebisha manyoya yake kichwani.

"Wewe... wewe kitoto cha mwisho," alisema, na masikio yakawa mekundu. "Ingiza tumbo ndani."

Uwanja mzima uliangua kicheko. Na Lin, sijui nini kilimpata, akaliingiza.

Kazi ya kwanza ilikuwa kugawa kinywaji. Kikombe ni kimoja, cha mwanzi, na ndoo ya pombe ya mtama ni moja. Unaanza na mkubwa kuliko wote, unasubiri anywe, unapokea kikombe, unajaza, unakwenda kwa anayemfuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Watu mia moja na arobaini. Mtoto yeyote wa Cilomay anajua nani amezaliwa kabla ya nani, hata kama ni kwa wiki moja.

Lin alipewa kikombe. Akaangalia watu. Na macho yake, macho ya mtu aliyekula chakula cha mchana na wakandarasi miaka ishirini, yakaenda moja kwa moja kwenye benchi la wageni, kwa mheshimiwa wa tarafa aliyevaa suti. Akamkimbilia, akainama, akamtolea kikombe kwa mikono miwili.

Mheshimiwa mwenyewe, ambaye mke wake ni wa hapa, aliruka nyuma kama ameonyeshwa nyoka.

"Usinitie matatani!" alinong'ona. "Mpelekee babu! Babu!"

Babu alikuwa amekaa mahali pake, miaka tisini na mmoja, mkono umeshanyooshwa kupokea kikombe, umebaki hewani.

"Kitoto!" Lekal alikuja mbio. Rika lake lote lilikuwa linamtazama. Akiogopa leo, atasemwa mpaka azeeke. "Ulichofanya unakijua?"

"Nimekosea."

"Nani kakufundisha kuangalia suti?"

Lin alishusha kikombe. Kusema kweli, aliona aibu ikimpanda kutoka magotini. Maana ni kweli, nani alimfundisha? Kila mtu. Kila siku ya maisha yake.

"Ruka kichura," Lekal alisema. Kisha kwa sauti ya chini kabisa, "Samahani, Bosi."

"Usiniombe samahani mbele ya watu, pumbavu," Lin alinong'ona. "Ongeza sauti."

"RUKA KICHURA! Uwanja mzima!"

Akaruka. Magoti yalilia, sketi ikafunguka upande, wanawake ng'ambo ya kamba iliyogawa uwanja wakapiga vigelegele, na Foting, bila kuambiwa na mtu, akaingia nyuma yake akaruka naye. Kisha wale wengine wanne. Ndivyo sheria ilivyo: wa rika moja akiadhibiwa, rika zima limeadhibiwa. Lin hakuijua. Aligeuka akaona vichwa vitano vikiruka nyuma yake, vijana wanahema na kucheka.

"Tumekosea nini lakini?" mmoja aliuliza.

"Tumempa suti kinywaji," Foting alisema.

Tumempa! Lin alicheka mpaka akakaa chini kwenye vumbi, akachapwa kifimbo kimoja kwa kukaa chini.

Alasiri ikawa mbio. Kutoka mdomo wa mto hadi uwanjani, kilomita nne, kila mmoja na mwanzi wa maji begani, na rika la Lekal nyuma yao na matawi ya kuchapia. Jua lilikuwa kali, lami inanata. Lin alikimbia kilomita ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa ujanja, ya tatu sijui kwa nini. Moyo ulikuwa unampiga masikioni. Vijana wanne walikuwa mbele. Yeye na Foting walikuwa mkia.

"Bosi, mimi nakufa."

"Hufi. Mwaga maji kidogo."

"Tukimwaga tunarudishwa!"

"Basi usimwage! Kimbia!"

"Na wewe unakufa?"

"Mimi nilishakufa kule kwenye daraja! Kimbia, mdogo wangu!"

Tawi likamshukia mgongoni, pa! Alikuwa Lekal, jasho linamchuruzika, anacheka waziwazi. "Hiyo ni ya zege la ghorofa ya tisa!" Pa! "Na hiyo ni ya siku ile uliponinyima likizo!"

"Subiri Jumatatu!" Lin alipiga kelele bila kugeuka. "Subiri Jumatatu, mshenzi wewe!"

Wanawake walikuwa wamejipanga kando ya barabara na mabeseni ya maji, wanawamwagia wapitao. Walikuwa wanapiga kelele majina ya watoto wao ya nyumbani na matusi ya mapenzi. Mtu mmoja alimwagia Lin beseni zima usoni, akaona nyota, akapaliwa, akaendelea. Kama ungemsimamisha hapo ukamuuliza ana mafundi wangapi, asingekumbuka. Aliingia uwanjani na Foting begani upande mmoja na mianzi miwili ya maji upande wa pili, wa tano na wa sita katika watu sita, na wale wanne walikuwa wamewasubiri kwenye mstari. Hawakuwa wameuvuka. Wakauvuka wote pamoja wakipiga ukelele ambao hata mbwa waliuitikia.

Kisha ukafika wakati wenyewe.

Watu walikaa kwa marika. Kamba ikakazwa kati ya wanaume na wanawake. Kuanzia hapo ni kimya. Mwanaume aliyekaa haruhusiwi kumwambia mwenzake neno, na mwanamke hafungui mdomo mpaka mwanawe ameitika. Mzee Ofad, mwenye sauti ya kuvunja vikombe na masikio ambayo yamestaafu muda mrefu, alisimama katikati.

Akaita wazee. Akaita waliowafuata. "Nipo!" "Ni wangu!" Akina mama waliobaki walikuwa wachache juu, wakawa wengi kadiri alivyoshuka. Akaita Rika la Simu, Kolas akaitika kwa mbwembwe, mama yake akajibu kwa mbwembwe zaidi. Akaita rika la Lekal. Lin alimtafuta mama yake ng'ambo ya kamba. Alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa kilemba kipya, mikono magotini. Hakuwa anatafuna kitu.

"Na rika jipya," Mzee Ofad alitangaza, "wazee wamelipa jina. Mmeingia mwaka wa kuficha pua. Nyie ni Rika la Barakoa!"

Ukimya ulivunjika kwa sekunde tano nzima. Watu walijipiga mapaja.

"Mjomba!" Foting alilia. "Mpaka tufe tunaitwa Barakoa?"

"Babu yangu alikuwa Rika la Kipindupindu. Shukuru!"

Vijana walikuwa wanasukumana kwa kicheko, na Lin katikati yao anajifuta machozi kwa kiganja, mbavu zinamuuma. Alikuwa amejiandalia kichwani kuitwa wa mwisho. Yeye si ndiye aliyejiunga wa mwisho? Si kitoto cha mwisho? Alikuwa na muda.

"Namoh wa nyumba ya Dongi!" Mzee Ofad aliita.

Kimya.

Lin alikuwa bado anacheka chini chini. Alingoja. Akina Dongi walikuwa wengi kijijini, siku hiyo tu alishasalimiana na watatu.

"Namoh wa nyumba ya Dongi!"

Hakuna. Upepo ulipeperusha manyoya ya wazee. Vijana watano waliangaliana, maana mchana kutwa hawakuitana kwa majina. Lin aliingiwa na wasiwasi. Nani huyu anayechelewesha watu? Akamkanyaga Foting mguu.

"Wewe ndiye Namoh?" alimnong'oneza. "Itika basi, utapitwa!"

"Mimi Foting!"

"Yule je?"

"Yule Mayaw!"

"Sasa huyo Namoh amelala wapi, mjinga huyu?"

Kule kwenye Rika la Simu, Kolas alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Lekal alikuwa anaangalia huku na huku. Yeye pia alimjua mtu huyu kwa jina moja tu, Bosi. Mzee Ofad alijaza kifua kwa mara ya tatu. Aliita polepole, silabi kwa silabi, kama mtu asiyetaka kumaliza.

"Namoh. Wa nyumba. Ya Dongi."

Hapo Bi Dongi akasimama. Alisimama mzima mzima, mbele ya wanawake wote, wakati ambao hakuna mwanamke anayesimama, akashika kamba kwa mikono miwili.

"Ahiong!" alipiga kelele. "Ahiong, ni wewe! Namoh ni wewe! Ni mimi niliyekuficha, mwanangu, ni mimi! Itika!"

Sauti ilimkatikia hapo.

Lin alimwona mama yake ameshikilia kamba ile. Akaisikia ile sauti. Alijua jina lake kwa macho tu, alilisoma kila mwaka kwenye karatasi za kijiji, alijua herufi zake zote. Ila hakuna mtu hata mmoja duniani aliyewahi kumwita nalo akageuka. Alitaka kulia na alitaka kuruka, na bado amekaa vile vile, mpaka Foting akampiga kofi la mgongo.

"Nipo!" akapasua. "Nipo! Nipo! Namoh nipo!"

Wazee walitazamana. Mwanamke amesema kabla ya wakati, jambo hilo halijawahi kutokea, na mtu ameitika baada ya kusaidiwa. Kila jicho likamgeukia Mzee Ofad. Mzee Ofad akajikuna sikio kwa kidole kidogo, akakitazama kidole.

"Kuna mbuzi alilia upande ule?" aliuliza. "Mimi nimesikia mtu ameitika tu. Nyie je?"

Babu wa miaka tisini na mmoja alisema yeye hata mbuzi hakumsikia.

"Ni wangu!" Bi Dongi alisema. Haikuwa kelele tena, ilikuwa sauti ya kukwaruza tu, wa nyuma hawakuisikia. Lakini wanawake walioketi karibu naye waliidaka wakaipandisha, ni wangu, ni wangu, hadi ukuta wa kanisa ukairudisha.

Mzee Ofad aliinua mkono aendelee na Mayaw.

"Mjomba," Namoh alisema. Machozi na vumbi vilikuwa vimemchora uso mzima na hakujali. "Niite tena."

"Umeshaitika, kitoto."

"Najua. Niite tu."

"Hii siyo karaoke! Nina watoto watano bado na koo ni langu."

"Mara moja, Mjomba. Nakuomba."

Mzee Ofad alimtazama. Akawatazama wale vijana waliomshika Namoh mabegani. Akamtazama na Bi Dongi ambaye bado alikuwa amesimama. Akasafisha koo, akajaza kifua, akaita. Safari hii Namoh aliitika kabla jina halijaisha.